Bamba la hanamu kwenye jeti-ski, mkondo wa Shela: shajara ya mradi

Chombo ni jeti-ski ya watu 3, urefu mita 3.3, bodi ya faiba na rezini ya poliesta. Msimu wa kaskazi kinalala majini kati ya Shela na Manda, huku Lamu, na kusi ikianza hupandishwa juu. Kazi yenyewe ni kuondoa pete ndogo ya omo (sehemu ya mbele ya chombo) iliyotoka nayo kiwandani na kufunga bamba la stenlesi linalokumbatia hanamu, ile ncha ya mbele inayopasua maji, lenye pete nene na roda (kigurudumu) ya kupitishia kamba ya nanga. Bamba limenunuliwa tayari, halikutengenezwa na kiwanda cha jeti-ski, kwa hiyo hakuna tundu wala pembe inayolingana nalo.

Kabla hujaiga lolote hapa, jua bodi yako ni ya nini. Sea-Doo Spark, kwa mfano, ina bodi ya polipropilini iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na rezini yoyote inayotajwa humu haitashika juu yake. Itabanduka kwa ukucha.

11 Januari 2025: ukaguzi wa omo

Pete ya kiwandani ni yubolti (bolti ya umbo la U) ya milimita 8 iliyowekwa kwa ajili ya trela: ivutwe mbele na juu, basi. Huku trela haina pa kupita. Pete hiyohiyo inabeba chombo kizima usiku na mchana, kamba ikivuta chini mkondo ukiwa mkali, ikivuta ubavuni kila maji yanapogeuka, yaani kila baada ya saa 6 hivi. Matokeo yako wazi. Nyufa nyembamba zimetawanyika kuzunguka matundu kama utando wa buibui, na upande wa kulia kamba imekula jelikoti, lile tabaka la juu linalong'aa, hadi nyuzi za faiba zimeanza kuonekana.

Nyufa zinazoanzia kwenye ukingo wa tundu maana yake ni kwamba ngozi ya bodi inapinda na kurudi kila mzigo unapokuja. Kujaza nyufa hizo kwa rangi ni kuficha ugonjwa. Sababu iko ndani: nyuma ya yubolti mlikuwa na washa 2 za kipenyo cha milimita 20, na zote zimezama kwenye faiba. Mzigo wote wa chombo ulikuwa umeegemea eneo dogo kuliko sarafu mbili za shilingi 20.

Kufika huko: fungua boneti, toa sanduku la mizigo la mbele (skrubu 4 na klipu 2), kisha sogeza pembeni mabomba 2 makubwa ya hewa. Yasikatwe wala yasizibwe. Ndiyo yanayoingiza hewa kwenye chumba cha injini na kutoa mvuke wa petroli. Nyuma yake ndiko tangi la mafuta liliko. Kutoka upande wa ndani wa hanamu hadi kwenye tangi, kwenye usawa wa bolti za chini, ni milimita 90. Andika kipimo hicho ukutani, kwa sababu ndicho kinachotawala utoboaji wote.

Pembe ya hanamu ilichukuliwa kwa kadibodi iliyokatwa kidogo kidogo hadi ikakaa. Ni digrii 68 na ncha yake ni ya mviringo. Bamba limekunjwa kwa digrii 75. Tofauti ya digrii 7 ni ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye bawa la milimita 70 inaacha mwanya wa milimita 4 hivi. Itarudi kutusumbua.

Wako wanaofunga kifaa cha namna hii juu kabisa ya omo, kwenye boneti. Boneti ni plastiki nyembamba iliyoshikwa na bawaba. Siku mkondo ukivuta kwa dhati, kifaa kitaondoka na boneti yake.

18 Januari: vifaa

Karibu kila kitu kimetoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, halafu kwa boti. Maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Lamu yana rezini ya poliesta na mati ya faiba (nyuzi zilizoshikanishwa bila kufumwa), lakini rezini ya epoksi na kitambaa cha faiba cha kufumwa havikupatikana. Poliesta inafaa kwa kutengeneza bodi mpya. Kwa kubandika kitu kipya juu ya faiba iliyokauka miaka mingi, epoksi inashika vizuri zaidi, na hapa kushika ndiyo kazi yote.

Bamba ni stenlesi 316 ya milimita 3, urefu milimita 220, na mabawa ya milimita 70 kila upande. Bolti ni M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, za urefu wa milimita 50, vipande 4 pamoja na akiba. Kichwa cha bolti ya stenlesi kina maandishi: A2 ni sawa na daraja la 304, A4 ni sawa na 316. Tofauti ni molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, inayozuia chumvi isichimbe vishimo kwenye chuma. Usipime kwa sumaku. Zote mbili karibu hazivutwi, kwa hiyo sumaku haikuambii kitu. Soma kichwa, kimoja kimoja.

Kamba ni nailoni ya milimita 10. Kamba ya buluu ya plastiki inayouzwa kila duka la pwani ni rahisi, lakini inaelea, na mkondoni penye boti nyingi kamba inayoelea huishia kwenye propela ya mtu. Isitoshe nailoni inanyumbuka, na mnyumbuko huo unapunguza mshtuko kwenye pete.

25 Januari: kibao cha mbambakofi kimepasuka

Wazo la kwanza la kuimarisha ndani lilikuwa kipande cha mbambakofi cha unene wa milimita 25, kilichochongwa umbo la V kiingie ndani ya hanamu. Mbao hii inajulikana, mafundi wa kijiji cha Matondoni wanaitumia kwenye majahazi, na hapa si kazi kuipata.

Kikakaa vizuri kwa mkono. Bolti zilipoanza kukazwa, kikapasuka kufuata nyuzi za mti, kutoka tundu la juu hadi la chini.

Sababu ni 2, na zote zinafaa kueleweka kabla ya kujaribu mbao nyingine. Kwanza, ndani ya bodi ya faiba si laini. Kuna vinundu vya rezini na kingo za mati, kwa hiyo kibao kiligusa sehemu 3 tu na kwingine kote palikuwa na hewa. Bolti ikikazwa, kibao kinapinda badala ya kubana. Pili, bolti 2 za kila upande zimepangwa mstari mmoja, na nyuzi za mti zilikuwa zikielekea upande huohuo. Kwenye jahazi mbao hiyohiyo haipasuki kwa sababu inakaa juu ya mbao mwenzake, nene, na misumari hupishana. Kwenye ngozi ya faiba ya milimita 6 hakuna cha kuilinda.

Ungeweza kukizungushia epoksi nzito kijaze mianya, na pengine kingefaa. Lakini mbao iliyofungiwa mahali penye unyevu, yenye matundu 4, siku moja itanywa maji, na hutaiona ikioza. Tumeamua kujenga unene kwa faiba yenyewe, palepale ndani.

1 Februari: faiba ya ndani

Kusugua kulifanywa kwa mkono mmoja, msasa namba 60, kwa kuwa mikono 2 haiingii. Endelea hadi mng'ao uishe na nyuzi zianze kuonekana, halafu futa kwa asetoni na kitambaa cheupe. Ukiona kitambaa bado kinachafuka, hujamaliza. Vaa barakoa ya vumbi, maana vumbi la faiba ndani ya shimo lile halina pa kwenda ila puani.

Jaribio la kwanza lilitumia mati ya faiba ya dukani pamoja na epoksi. Haikufaa. Mati ilibaki nyeupe na ngumu, ikakataa kulala kwenye kona. Nyuzi za mati nyingi hushikanishwa na gundi inayoyeyushwa na stairini, na stairini iko ndani ya poliesta, si ndani ya epoksi. Kwa epoksi gundi ile haiyeyuki, nyuzi hazilegei, na hewa hubaki katikati. Ilikwanguliwa ikiwa bado mbichi. Kama tayari una mati nyumbani, itumie na poliesta. Ukitumia epoksi, nunua kitambaa cha kufumwa.

Hatua zilizofaa ni hizi. Kona ya ndani ya V ilijazwa kwanza epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao hadi ikawa nzito kama siagi ya karanga, ikasawazishwa kwa mgongo wa kijiko ipate mviringo wa milimita 20 hivi. Bila mviringo huo kitambaa huruka kona na kuacha pengo nyuma yake, na pengo hilo ndilo litakalopasuka. Juu yake tabaka 8 za kitambaa cha gramu 450 kwa mita ya mraba. Tabaka kubwa ni milimita 260 kwa 180, na kila linalofuata limepunguzwa kidogo kila upande ili kingo zisiishe mahali pamoja. Mzigo unapokutana na ukingo mkali wa unene hutafuta kupasua hapo. Unene ulioongezeka ni milimita 4 na nusu hivi.

Usikoroge epoksi yote kwa pamoja. Kwenye joto la nyuzi 32 kikombe cha gramu 200 kilianza kutoa moshi kabla ya nusu yake kutumika. Epoksi inajipasha moto yenyewe, na ikiwa imerundikana kikombeni joto halina pa kutokea. Koroga gramu 80 hadi 100, mimina mara moja kwenye sahani pana, fanya kazi alfajiri. Hata tabaka usizilaze 8 kwa mkupuo. Tulilaza 4, tukasubiri ziwe ngumu lakini bado zanata kidogo kwa kidole, kisha 4 nyingine.

Asubuhi yake juu palikuwa na utelezi kama nta. Hiyo si epoksi iliyokataa kukauka. Ni utando unaojitokeza hewa ikiwa na unyevu mwingi, na pwani unyevu hauadimiki. Unayeyuka kwa maji baridi, si kwa asetoni. Osha kwa maji yasiyo na chumvi na kile kipande cha kijani cha kusugulia sufuria, futa, halafu ndipo upige msasa. Ukipiga msasa kwanza unausukumia ndani, na chochote utakachobandika juu yake kitabanduka. Usitumie chuma cha kusugulia vyombo, kwa sababu chembe zake hubaki na kuanza kutu.

8 Februari: matundu

Betri imetolewa kabisa. Kiti kimeondolewa, boneti wazi, na chombo kikaachwa hivyo tangu jioni ya jana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na drili hutoa cheche. Kunusa hakutoshi, maana pua huzoea.

Kila biti ilivishwa kipande cha mpira kinachoacha milimita 25 tu zitokeze. Bodi na faiba mpya pamoja ni milimita 11 ubavuni, kwa hiyo biti haiwezi kulifikia tangi hata mkono ukiteleza.

Bamba lilibandikwa kwa tepu, katikati yake ikapimwa kwa uzi kutoka kwenye usukani hadi kwenye hanamu. Tundu moja la juu likatobolewa kwanza, bolti ikapita, ndipo mengine yakafuata. Ukitia alama zote 4 kwa penseli na kutoboa zote, moja litakosea, na kwenye faiba tundu halisogezwi. Biti ya 3, kisha 6, kisha 8 na nusu. Milimita chache za kwanza drili izunguke kinyume ili ikwangue jelikoti bila kuimega. Baada ya hapo ukingo wa kila tundu ulichongwa mshazari wa milimita 2. Mshazari huo unafanya kazi 2: jelikoti haiguswi na bolti, na gundi inapata kijishimo cha kukaa na kuwa pete ya kuziba.

Matundu ya pete ya zamani yalipanuliwa hadi milimita 12, yakazibwa tepu upande wa nje, yakajazwa epoksi nzito. Matundu mapya nayo yalipakwa epoksi kwa ndani kwa kijiti cha masikio. Faiba iliyokatwa hunyonya maji kupitia ncha za nyuzi.

15 Februari: kitanda cha bamba

Mwanya wa milimita 4 ulioonekana Januari sasa umefika zamu yake. Njia ya haraka ni kukaza bolti hadi bamba lijikunje lenyewe. Chuma cha milimita 3 hakikubali kwa urahisi, bodi ndiyo inayokubali, na utakuwa umeitia mvutano wa kudumu hata kabla ya nanga kuguswa. Shikizo la omo linaweza kupasua jelikoti kwa namna hiyo tu, bila bahari kuhusika.

Badala yake mgongo wa bamba ulipakwa nta ya kung'arishia gari mara 3, bolti nazo zikapakwa. Epoksi nzito ikawekwa kwenye bodi, bamba likasukumwa mahali pake, nati zikazungushwa kwa vidole tu hadi epoksi ikatoka pembeni. Kilichotoka kikafutwa. Kesho yake bamba lilibanduliwa kwa kabari ya mbao na kuacha kitanda kilicholingana nalo sawasawa. Kwenye ncha ya hanamu epoksi ni nyembamba, kwenye ukingo wa mabawa ni nene.

Kisha gundi ya poliyurethani, ile ya vyombo vya baharini. Silikoni ya bafuni iache dukani. Haishiki vizuri, na mafuta yake yakishaingia kwenye bodi hakuna rangi wala gundi nyingine itakayokubali hapo baadaye. Weka gundi kwenye bodi na pia kuzunguka shingo ya kila bolti chini ya kichwa. Kaza kidogo, acha unene wa milimita 1 hivi. Ukikaza hadi gundi yote itoke, umeziba kwa hewa.

Ndani, kila upande una bamba dogo la stenlesi 316 la milimita 150 kwa 50 badala ya washa peke yake, na nati zenye nailoni. Kichwa cha bolti kishikwe kwa spana namba 13 kisizunguke, nati ndiyo izungushwe. Bolti ikizunguka inachana gundi ambayo imeshaanza kushika.

Nati moja ya akiba iliganda kwenye bolti katikati ya njia, haipandi haishuki, ikabidi ikatwe. Stenlesi kwa stenlesi ikiwa kavu hufanya hivyo, hasa ikizungushwa kwa mashine. Uzi unapata joto na chuma kinajilehemu. Paka grisi kidogo kwenye uzi wa upande wa ndani, mbali na gundi, na zungusha kwa mkono polepole. Kiasi cha kukaza ni niutoni-mita 12 hivi. Huna spana ya kupimia? Ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi, bila kuegemea.

19 Februari: gundi haikukauka

Siku ya nne ukingo wa gundi bado ulikuwa unanata kama ulivyotoka kwenye tyubu. Gundi ya poliyurethani hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, kiasi cha milimita 3 kwa siku, na hapa unyevu upo wa kumwaga. Tarehe ya tyubu ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa spiriti iliyotumika kulainisha ukingo. Spiriti ni alkoholi, na alkoholi hula kemikali ile ambayo ingeifanya gundi kuwa ngumu. Sehemu ambazo kitambaa hakikupita zilikuwa zimekauka. Zilizopakwa spiriti zilibaki uji.

Dawa ni kutoa yote. Hakuna cha kusubiri, haitakauka mwezi ujao. Bolti zilifunguliwa, gundi ikakwanguliwa kwa kisu cha plastiki, mabaki yakafutwa kwa tapentaini, na palipofutwa pakaachwa pakauke kabisa. Tyubu mpya, na safari hii ukingo ulilainishwa kwa kidole chenye glavu bila kimiminika chochote. Tepu ya kuzuia uchafu ing'olewe papo hapo, gundi ikiwa mbichi. Ukisubiri inararuka.

26 Februari: kuvuta

Chombo kilifungwa kwa pete zake 2 za tezi kwenye mwarobaini, kikavutwa kwa cheni bloku kupitia mizani ya ndoano. Mzigo uliwekwa kilo 250, dakika 10 kila upande: mbele moja kwa moja, chini kwa digrii 45, kisha ubavuni kwa digrii 30, kushoto na kulia. Simama pembeni. Kamba ya nailoni ikikatika inarudi kama fimbo.

Kabla ya kuvuta, mstari wa penseli ulichorwa kuzunguka bamba na mwingine ndani kuzunguka faiba mpya. Mbele na chini hakuna kilichosogea. Ubavuni, bodi ilisikika ikilia mara moja kwenye kilo 200 hivi. Ukaguzi wa ndani ulionyesha ni bomba la hewa lililokuwa limebanwa na sanduku la mizigo. Lilirudishwa mahali pake, mvuto ukarudiwa, kimya. Nyufa za zamani hazikuongezeka hata kwenye ncha, na hapo ndipo unaposoma matokeo. Bamba la nje haliwezi kukuambia kitu, litang'aa vilevile hata bodi ikiwa inachanika nyuma yake.

1 Machi: majini, bamvu

Siku ya bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, ilichaguliwa makusudi kwa sababu ya mkondo. Kamba yenye mafundo ilionyesha mita 2 maji yakipwa na mita 5 yakijaa. Ongeza sentimita 60 za kutoka majini hadi kwenye roda, zidisha kwa 5, unapata mita 28. Kamba ni ya mita 30 pamoja na cheni ya mita 2 ya milimita 6, nanga kilo 3.2. Anayepima kina maji yakiwa yamepwa na kutoa kamba kwa kipimo hicho, maji yakijaa kamba itakuwa fupi na nanga yake huenda isishike.

Tatizo la mbio lilijitokeza: kwenye kilomita 40 kwa saa, mawimbi madogo yalipogonga omo, maji yaliruka moja kwa moja usoni mwa dereva. Ukingo wa chini wa bamba unatokeza milimita 3 na kufanya kazi ya kijiko. Ukingo huo ulichongwa mshazari kwa grainda, kisha ukawekewa kabari ya epoksi ya urefu wa milimita 30 inayoteremka hadi usawa wa bodi. Maji sasa yanakwenda pembeni.

Uzito haukubadilisha chochote cha kuhisika. Bamba na vifaa vyake ni kilo 1.2, na nanga hukaa ndani ya sanduku la mbele, haining'inizwi kwenye roda chombo kikikimbia. Ikiachwa pale, wimbi la tatu litaitupa kwenye bodi.

Pete sasa inaweza kuvuta chombo kilichoharibika, na hapo kuna hatari isiyohusu pete. Jeti-ski ikivutwa kwa kasi injini ikiwa imezimwa, maji yanasukumwa kupitia mfumo wa kupoza hadi kwenye egzosti na kuingia kwenye injini. Vuta polepole, kama kilomita 8 kwa saa, na bana bomba la maji ya kupoza kwa klipu. Liachie kabla ya kuwasha.

5 Aprili: ukaguzi baada ya Idi

Chombo kimekaa kwenye nanga mwezi mzima, bamvu na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Ndani ni pakavu. Unga wa chaki uliopakwa kuzunguka nati haukuonyesha michirizi ya maji. Mistari ya penseli iko palepale.

Nje kuna madoa ya kahawia sehemu 2. La kwanza ni kichwa cha bolti ya chini kushoto. Kimeandikwa A2-70, wenzake 3 ni A4-80, na zote zilitoka kwenye mfuko mmoja ulioandikwa A4. Inabadilishwa wiki ijayo pamoja na gundi yake. Tundu litasafishwa, halitapanuliwa.

La pili linafuata ukingo uliochongwa Machi. Kisahani cha grainda kilikuwa kimeshakata nondo, na chembe za chuma cha kawaida zimepachikwa kwenye stenlesi na kushika kutu juu yake. Stenlesi yenyewe ni nzima. Gramu 100 za asidi ya sitriki ya unga kwenye lita 1 ya maji, kitambaa kilichoroweshwa kikafungwa hapo nusu saa, suuza kwa maji baridi. Madoa yametoka. Kisahani cha stenlesi kiwekwe peke yake na kiandikwe.

Gharama hadi leo, kwa shilingi: bamba 14,500, bolti, nati na washa 2,400, epoksi kilo 1 kwa 4,800, kitambaa 1,300, tyubu 2 za gundi 3,800, mabamba ya ndani 1,500, asetoni, msasa, glavu na brashi 1,850, usafiri 1,200, mbambakofi na mati ambazo hazikutumika 1,100. Jumla 32,450, bila ujira wa fundi. Kati ya hizo, 3,000 zimepotea kwenye mbao, mati na tyubu iliyoharibiwa na spiriti.

Kimebaki kipande cha mpira wa bomba cha kuvisha kamba inapopita kwenye roda, kwa sababu nailoni imeanza kuota manyoya upande wa kulia. Bolti na mpira vitafungwa siku moja, kabla chombo hakijapandishwa kwa ajili ya kusi.